Usingizi wa Yussuf

Msimu wa karafuu skuli hufungwa, na huko kijijini Ole wakubwa kwa wadogo huelekea mashambani. Khairat, binti wa miaka kumi na miwili, hakwenda shamba mwaka huu. Mama yake alimtoa Micheweni akampeleka Ole kwa Suhail, kaka yake Khairat, akasaidie kulea. Suhail na mkewe Rahma walikuwa wamejaaliwa mtoto wao wa kwanza, Yussuf, ambaye sasa alikuwa na miezi mitatu.

Baada ya sala ya alfajiri na chai, Suhail huchukua pakacha na ngoe yake ya kuvutia matawi, akaenda kuchuma. Rahma hukaa barazani akichambua karafuu za jana, hutupa vikonyo kando, kisha huzitandaza juani juu ya majamvi. Khairat hufagia uwanja, huosha vyombo, halafu humchukua Yussuf chumba cha nyuma, kwenye bembea ya kanga iliyofungwa darini. Mtoto akitaka kunyonya, humleta barazani na kumrudisha. Rahma akisikia kimya husema, "Alhamdulillahi, mtoto ametulia," akaendelea na karafuu zake.

"Shangazi mtu," Suhail hupenda kumtania akiondoka, "muangalie mwanao."

"Shangazi miye? Nna mvi?" Khairat humjibu.

Asubuhi moja Suhail alikuja kwenye chai macho mekundu kama pilipili. Akainua birika, akamimina chai kwenye kisahani kisicho na kikombe.

"Usiku wa nane huu," alisema. "Angelia ningejua ana njaa. Halii. Analala chali kakodoa macho, anacheka na paa. Anarusha miguu, anasema a-guu, a-guu, kama anayemjibu mtu. Nami niko naye. Adhana ya alfajiri ikilia, yeye ndio anafumba macho, na mimi ndio naondoka."

Rajab, jirani aliyekuja kumpitia waende shamba, akatikisa kichwa. "Anayecheka usiku peke yake ana wenziwe tusiowaona. Tafuta mganga akuangalizie."

"Wenziwe ni mie na babake," akasema Rahma. "Kumsomea tunamsomea kila usiku, na Mungu anatosha. Lakini tusome, na kituoni twende. Muuguzi yupo."

Khairat aliinamia sinia alilokuwa akiliosha, akalisugua pahali palepale mara nyingi. Kuna jambo alilijua.

Asya, rafiki yake mpya wa nyumba ya pili, alikuwa bingwa wa mdako. Mchezo huo ni wa vijiwe na kishimo: unarusha kimoja juu, unachota vingine kabla hakijashuka. Khairat alitaka kumshinda kabla skuli hazijafunguliwa. Lakini utachezaje na mtoto mapajani? Basi alifunga kamba ya ukindu kwenye bembea, na ncha ya pili akaifunga kwenye kidole gumba cha mguu wake. Mikono ikicheza, mguu ulibembeza. Dirisha alilifunga, chumba kikawa giza. Yussuf akifumbua jicho, mguu ulikwenda mbele na nyuma, naye akarudi usingizini. Alilala hivyo tangu asubuhi mpaka alasiri, akiamshwa kunyonya tu.

Basi, alasiri ya siku ile ya chai walikwenda wote kituo cha afya. Bi Mwanapili, muuguzi, mwanamke mnene mwenye miwani, alimpima Yussuf uzito.

"Huyu ndiye mgonjwa?" akauliza. "Mie naona gunia la mchele."

Akampima joto, akamtazama macho na masikio, akambonyeza tumbo. Aliuliza kama ananyonya vizuri, kama anakojoa sawasawa. Yote yalikuwa salama. Kisha akauliza, "Na mchana, analala?"

"Mchana yuko na shangazi yake," Rahma alisema, na wote wakamgeukia Khairat.

Alifikiria bembea, kamba na vijiwe. "Kidogo tu," akasema.

Bi Mwanapili aliacha kutabasamu. "Usiku halali, na mchana halali. Hapo pananishinda. Kesho mpelekeni mjini Chake, hospitali kubwa, daktari amtazame." Akawaandikia barua.

Suhail aliikunja barua, akambeba mwanawe mpaka nyumbani.

Asubuhi yake, wakati wa kungojea gari, alisema atachuma mti mmoja ulio karibu na nyumba.

"Hujalala, usipande," Rahma alimwambia.

"Karafuu zikichanua hazifai tena. Nitashuka sasa hivi."

Akapanda. Rajab alikuwa kwenye mti wa jirani. Khairat alisimama uwanjani na Yussuf begani, akimtazama kaka yake anavyovuta matawi kwa ngoe. Mara mkono wa Suhail ukasimama. Kichwa chake kiliinama polepole, kikalalia tawi.

"Suhail," Rajab aliita. "We Suhail, amka."

Suhail akagutuka. Mguu uliteleza, tawi likakatika, na pakacha likaja chini likigonga matawi hadi likapasuka ardhini, karafuu zikatawanyika. Yeye alibaki ameukumbatia mti, mguu mmoja ukitafuta pa kukanyaga. Rajab alishuka mbio, akapanda kumfuata, akamteremsha hatua kwa hatua kama anayemfundisha mtoto kutembea.

Suhail alikaa chini. Alijilazimisha kucheka. "Nimesinzia kidogo tu," alisema.

Kidogo tu. Khairat alilisikia neno lake mwenyewe likitoka kinywani mwa kaka yake, na machozi yakamtoka.

"Kaka, nimesema uongo. Yussuf analala mchana kutwa. Mie ndiye ninayemlaza, ili nipate kucheza." Akaeleza yote, na kamba ya mguuni pia.

Rajab akajikuna kichwa. "Basi mwenziwe ndiye huyu."

Rahma alicheka bila kutaka. Suhail hakucheka. "Siku tisa, Khairat, nimekaa nikidhani mwanangu ananiondokea," alisema taratibu.

"Nisamehe, kaka."

Suhail akampangusa machozi kwa kiganja kilichonuka karafuu. "Nimekusamehe. Lakini kabla ya gari la Chake, tupite kituoni. Umwambie Bi Mwanapili kwa mdomo wako."

Khairat alimwambia yote, mpaka kuanguka kwa pakacha. Bi Mwanapili alicheka mpaka akavua miwani kuifuta.

"Mtoto hajui saa," alisema. "Mchana mmemfungia dirisha na kumbembeza, kadhani ndio usiku. Usiku naye anaamka kwenda kazini. Mfungulieni dirisha. Akiwa macho mchana, msemesheni, mchezeni naye. Akitaka kulala alale, lakini msimlazimishe. Usiku taa iwe ndogo na maneno machache. Barua nirudishieni, nipeni siku kumi. Akipata homa au akikataa kunyonya, mje siku hiyohiyo."

Siku ya kwanza Yussuf alilia, na Khairat alizunguka naye uwanjani akimwonesha jogoo na majamvi mpaka mikono ikauma. Siku ya pili Asya alikuja kusaidia. Usiku wa sita Yussuf alilala baada ya isha, akaamka mara mbili kunyonya, akalala tena. Suhail naye akalala, akakoroma mpaka Rajab akasikia kwake.

Siku ya kumi walirudi kituoni.

"Bi, sasa analala kimya mno," Suhail alisema. "Jana nimeamka mara nne kumwekea mkono puani, nione kama anapumua."

"Basi mgonjwa ni wewe, na dawa yako sina," Bi Mwanapili alimjibu. Kisha akamgeukia Khairat, akamshika bega.

"Mwanangu, kucheza si kosa. Umechoka kulea, sema, wakubwa watakupa saa yako ya kucheza. Lakini siku ile nilikuuliza, ukanijibu uongo, nami nikawaandikia safari isiyo na haja. Sisi wauguzi hatuoni ndani ya nyumba za watu, tunatibu tunachoambiwa. Ukisema kweli utaona haya saa moja, na Mungu atakusitiri. Uongo wako ulikuwa wa maneno mawili tu, na nusura umwangushe mtu mzima kutoka juu ya mti."