Chuma Nilichokinyamazisha

Sema naongopa. Sema, halafu twende wote Kitahana saa kumi na mbili jioni tuone nani ataomba maji kwanza. Darasa la sita nililiacha mwenyewe, lakini mashine ya kusakia dhahabu naijua kuliko hao wasomi wanaoishika kama kichanga cha watu.

Bibi Esteri alitukuta tukipanda kwenda huko Kitahana, kwenye mahame ya kaka yake Ndayikeza, mchawi aliyezikwa huko peke yake. Akatuonya: wazee walifukia majembe saba kumzunguka, maana chuma ndicho kinachomlaza. Mashine ikilia chuma, turudi.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Chuma! Kila msakaji anajua chuma ni takataka: misumari, vizibo, makopo. Nikazungusha kitufe cha kuchuja mpaka chuma chote kikanyamaza. Rafiki yangu Makarius, mwoga kama kuku wa sikukuu, akanivuta shati.

"Wacha ilie, ndugu yangu. Tujue tulipo."

"Upo na mwanaume. Tembea."

Tukatembea. Mashine kimya... Nikamuuliza, yako wapi hayo majembe ya bibi?

Kisha ikaita. Sauti nyembamba, safi. Siyo chuma.

Makarius akachimba. Likatokea bangili la shaba. Akalivuta, halikuja. Nikasikia harufu ya makaa, kama ya mfua vyuma, yaliyomwagiwa maji.

Bangili likavutwa chini.

Mkono wa Makarius ukaenda nalo. Mpaka begani.

Nikamkamata kiuno, nikamng'oa. Bangili alikuwa amelivaa.

Nikazima mashine. Ikaendelea kuita.

Nilikimbia, ndiyo. Wewe ungejikojolea. Nilikimbia bila kugeuka, na Makarius alikuja nyuma akitembea taratibu... tukafika barabarani pamoja.

Tangu siku ile hasemi. Mkewe, Sophie, anasema jua likizama anachimba kwa vidole. Alianza uani kwao. Jana alikuwa ukingoni mwa shamba la mama yangu, hapa kwetu. Kucha zimebaki mbili.

Bibi Esteri alikwenda kaburini, akapekua udongo. Akanijia.

"Mjukuu wangu, yapo sita. La saba liko wapi?"

Nikamjibu uzee umemla hesabu.

Haya. Kuna kipande nilikiruka. Siku ile tulisahau jembe. Tukiwa tunakaribia kaburi nilijikwaa kwenye chuma kilichochomoza ardhini, nikaking'oa, nikakitia mpini wa mti, nikampa Makarius achimbie. Alikuwa nalo mkononi, jembe la saba, wakati wote nikimcheka bibi. Nilipokimbia nililibeba, sijui kwa nini. Liko uvunguni mwa kitanda changu.

Nilimwambia bibi jana usiku, kwa kunong'ona. Hakunigombeza. Alisema aliyeling'oa alirudishe mwenyewe, peke yake, jua likizama, na Makarius atapona.

Kutoka kwetu hadi pale ni mwendo wa nusu saa. Jua limeshazama. Nami nimekaa hapa nakusimulia wewe.