Sauti Chini ya Wimbo

Stendi ya Kahama asubuhi haina adabu. Wapiga debe wanavuta abiria mikono, wauza maji wanapita kwenye mbavu za watu, na kila basi linapiga honi utadhani lenyewe tu ndilo linaondoka. Humo ndimo Mbuke alipopigwa kikumbo, mkoba ukafunguka, kaseti ndogo ya video ikaangukia vumbini.

Kijana mmoja aliurudisha mguu ukiwa hewani, nusura aikanyage. Alivaa shati la rangi ya chungwa na kizibao chenye mifuko mingi kuliko vitu vya kutia.

"Dada, samahani. Hii umeitoa makumbusho gani?"

"Nipe kwanza, utani baadaye."

"Naitwa Sostenes. Nina studio ya video nyuma ya stendi hapa, na mashine ya kusoma kaseti hizi ninayo."

Mbuke, muuza mchele anayejua kupimana maneno na wateja, alijifunga upya kitenge chake cha kijani, ingawa hakikuwa kimelegea. Tangu kulipokucha alikuwa akizunguka na kaseti ile kutafuta mtu kama huyu. Ilipigwa kwenye harusi ya shangazi yake huko Tinde, mama yake akiwa jikoni na mdogo wake Mihayo mgongoni. Mwaka uliofuata mama alifariki. Mihayo sasa ana ndevu, anafanya kazi Rwamgasa kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na sauti ya mama yake haijui. Mbuke alikuwa amemwahidi kwamba ataisikia.

Studioni Sostenes alianza maswali. "Unataka ya kutunza au ya kurusha wasapu? Nzito au nyepesi? Nijaze skrini au niache ilivyopigwa? Maana nikisharenda, yaani nikiitoa ikiwa tayari..."

"Kaka, mimi nauza mchele. Niulize supa au wa kawaida, hapo nitakujibu." Mbuke alimsukumia kaseti. "Nataka mdogo wangu amjue mama. Mengine chagua wewe."

"Nichague mimi?"

"Si wewe fundi?"

Hapo ndipo alipokosea. Mwanaume aliyekwisha kupenda ukimwambia achague, atachagua kwa moyo, na moyo haujui kurenda.

Wiki zilizofuata simu hazikukatika.

"Umekula, kipenzi?"

"Kipenzi cha nani? Video yangu iko wapi?"

"Inapikwa."

"Unapika maharage nini?"

Akikata simu, Mbuke hubaki akitabasamu katikati ya magunia, asijue kama alipiga kuulizia video au kumsikia mpishi. Alijiambia ni video. Halafu anapiga tena.

Video ilimfikia Jumapili moja akiwa Rwamgasa kumtembelea Mihayo. Ndugu wawili wakainamisha vichwa juu ya simu. Maua ya rangi yalicheza pembeni, namba ya studio ikapita chini, kisha mwanaume akaanza kuimba wimbo wa mapenzi. Mama alitokea amevutwa upande hadi akawa mpana kama mlango, anafungua mdomo, anacheka, na hakuna kinachosikika ila wimbo.

"Dada, mama alikuwa mnene hivi?"

"Hapana."

"Anasema nini?"

Mbuke aliongeza sauti. Yule mwimbaji naye akaongeza. Mbuke akampigia Sostenes.

"Umeiona, malaika wangu?"

"Sauti iko wapi?"

"Kwani wimbo hausikiki? Ongeza..."

"Sauti ya mama, Sostenes!"

Sostenes alichanganyikiwa. "Ile si ilikuwa kelele tu? Masufuria, watoto, watu wanaitana. Huwa tunaizimaga, tunaweka muziki. Harusi zote tunafanyaga hivyo."

"Kelele hiyo ndiyo mama yangu! Nirudishie kaseti."

Sostenes alishusha sauti. "Mashine imetafuna mkanda, Mbuke. Nilitaka nikwambie uso kwa uso."

"Kwa hiyo imekwisha?"

"Sijui. Niliihamishia kwenye kompyuta, lakini kompyuta ilijaa, nikafuta vitu. Ngoja nitazame..."

Mbuke alikata, akazima simu kabisa. Alilia siku ile na kesho yake, na kilichomchanganya ni kwamba hakujua analilia nini. Mara mama, aliyempoteza kwa mara ya pili. Mara yule mjinga wa Kahama, ambaye hata sasa alitamani amuulize kama amekula.

"Basi, dada," Mihayo alimbembeleza, "sura nimeiona, inatosha." Maneno hayo yalimuumiza kuliko wimbo.

Jioni moja, Mbuke akiwa bado Rwamgasa, bodaboda ilisimama mlangoni kwa Mihayo. Aliyeshuka alikuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia kofia hadi viatu, shati la chungwa halitambuliki tena.

"Wewe ndiye mwenye wimbo?" Mihayo aliuliza.

"Ndiyo mimi." Sostenes alimgeukia Mbuke. "Sokoni wameniambia uko huku. Nimeipata. Sauti niliizima tu, sikuifuta. Sijaisikiliza. Niliona nyinyi ndio mtangulie."

Wakaenda sebuleni kwa mwenye nyumba, Mama Blessing, wakachomeka flashi kwenye runinga. Runinga ikaandika kwamba haisomi.

"Umekuja kunichezea tena?" Macho ya Mbuke yalijaa machozi.

"Hapana! Hiyo ni ile kubwa ya kutunza, nzito, runinga hii haiiwezi. Usiifute kamwe. Ngoja nitoe nyepesi ya kutazamia." Alifungua kompyuta yake, jasho likimchora mistari usoni. "Safari hii nauliza. Nijaze skrini?"

"Ukijaza anakuwaje?"

"Ananenepa."

"Acha."

"Kutakuwa na weusi pembeni."

"Uache huo weusi."

"Na wimbo..." Mbuke alimtazama. "Nimeelewa," Sostenes akasema.

Walisubiri. Mbuke aliuliza polepole, "Kwa nini wimbo ule?"

"Nilikuwa nakuwaza wewe. Nikasahau kwamba video si yangu. Nisamehe."

Mihayo alikimbia nje kuwaomba wenzake wazime karasha. Mtaa ukatulia. Kwenye runinga masufuria yakagongana, mbuzi akalia, na mama akatokea, mwembamba, mtoto mgongoni na mwiko mkononi, akiitazama kamera.

"Wewe kijana wa kamera! Tangu asubuhi unazunguka tu. Zima hiyo mashine, njoo ule, wali unapoa!"

Mihayo alicheka, kisha akafunika uso kwa viganja. "Ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe," Mbuke alisema.

"Rudisha nyuma."

Waliirudisha mpaka Mama Blessing naye akaikariri. Mbuke alipotoka kupakua chakula, alimkuta Sostenes mlangoni anakunja nyaya na kutia vitu mkobani.

"Unakwenda wapi?"

"Kutafuta gari. Flashi nimekuachia. Na mengine... hata sijui kama nimesamehewa."

Mbuke alimnyang'anya mkoba, akamwekea sahani ya wali mikononi.

"Hukumsikia mama? Zima hiyo mashine, njoo ule."