Ada ya Dola Ishirini na Nne

Jumamosi, saa kumi kasoro dakika ishirini alasiri, Quinter alikata utepe wa gundi wa katoni ndefu kwa kisu cha jikoni. Wanakwaya walikuwa wamemzunguka katika ukumbi wa kanisa lao, mtaani Jebel. Ndani walitarajia kuona kinanda kilichotumika, walichokinunua mtandaoni kwa dola mia sita, michango ya miezi minane. Quinter alifunua blanketi kuukuu. Chini yake kulikuwa na vigae vya sakafu, vimepangwa safu tatu.

Mama mmoja alianza kucheka akidhani ni mzaha.

"Ulilipaje?" aliuliza Elkana, mwimba besi aliyekuwa karani wa mizigo uwanja wa ndege.

"Kwa njia ya ulinzi," Quinter alijibu bila kuinua macho.

Watu walishusha pumzi. Mtandao ule wa kuuziana vitu vilivyotumika ulimtoza mnunuzi ada ya asilimia nne, ukazishika pesa zake mpaka athibitishe kwamba mzigo umefika salama. Kwa hiyo pesa zilikuwapo. Lakini kinanda alikitoa nani? Macho yaliwageukia wageni, na mgeni alikuwa mmoja tu: Erifazi, mwendesha bodaboda kutoka Uganda, aliyeleta katoni na bado alikuwa mlangoni akisubiri nauli.

"Mimi nabeba tu," alisema. "Mimi hapana fungua."

Cyril, mwalimu wa kwaya, alimshika mkono, akampeleka polisi. Saa kumi na moja Erifazi alikuwa rumande.

Elkana hakuridhika. Saa kumi na mbili kasoro alifika kituoni pamoja na Quinter. Sajini Aguer aliwaruhusu kuzungumza na mtuhumiwa.

"Katoni ulipewa na nani?"

"Hapana mtu. Ilikuja meseji, ikasema chukua mzigo mtaa wa Thongpiny, iko kando ya ukuta, peleka Jebel, watalipa kule." Erifazi alimtazama Quinter kupitia nondo. "Dada, wewe ulikata gundi mwenyewe. Uliona hakuna mtu amegusa. Waambie."

Quinter alikuwa ameiona. Gundi ilikuwa nzima, mpya, bila mkunjo. Alifungua mdomo, akaufunga. Kama Erifazi hakufungua katoni, basi muuzaji ndiye tapeli, na swali la malipo lingerudi kwake. Akatazama sakafu.

Kabla ya kuondoka, Elkana alisoma maelezo ya Cyril katika kitabu cha sajini: "Quinter alimtumia muuzaji dola mia sita kwa simu Ijumaa saa nne asubuhi. Jumamosi mzigo ukaletwa na huyu." Aliyasoma mara mbili, hakuona tatizo.

Jumatatu saa tatu asubuhi, mtandao ulijibu barua pepe ambayo Elkana aliandika kuulizia malipo. Hakukuwa na malipo yoyote kwa jina la Quinter.

Alimkuta Quinter kazini kwake benki, kwenye dawati la kuhudumia wateja. Yeye ndiye aliyewafundisha wateja kila Alhamisi jinsi ya kujihadhari na matapeli. Elkana alimwonyesha jibu lile. Quinter alilisoma, akaomba watoke nje.

"Muuzaji alijiita Josline," alisema walipofika kwenye maegesho. "Aliniandikia kwamba ada ni kupoteza dola ishirini na nne bure, nimtumie moja kwa moja. Nikaona nitaokoa pesa ya kwaya, watanisifu. Nikatuma Ijumaa, saa nne."

"Nani mwingine alijua?"

"Nani ningemwambia? Mimi, Elkana? Mimi ninayesimama pale na kipaza sauti?" Machozi yalimtoka. "Nimemwacha mtu amelala chini siku mbili ili nisichekwe."

Elkana alikuwa ameacha kusikiliza. Ijumaa, saa nne, kwa simu. Maneno hayo aliyasoma Jumamosi, wakati kila mtu aliamini pesa zilipitia kwenye mtandao.

Alirudi ukumbini, akaikagua katoni. Ubavuni kulikuwa na lebo ya mizigo iliyochanwa, zimebaki tarakimu tano za mwisho. Saa saba alikuwa kazini akipekua daftari la mizigo. Tarakimu zile zilikuwa za shehena ya rafu za jikoni kutoka Entebbe, iliyopokewa na hoteli moja ya Thongpiny. Aliyetia sahihi ni mtunza stoo wa hoteli: Cyril.

Saa kumi, Elkana na Quinter waliingia stoo. Nyuma ya magunia ya mchele kulikuwa na rundo la vigae vilevile.

"Katoni zetu hutupwa nje," Cyril alisema kwa utulivu. "Na vigae. Yeyote anaweza kuokota."

"Ni kweli," Elkana alisema. "Lakini Jumamosi uliandikisha polisi kwamba pesa zilitumwa kwa simu, Ijumaa saa nne. Quinter alikuwa ametuambia amelipa kwa njia ya ulinzi. Ukweli aliujua yeye na aliyezipokea. Wewe ulizipokea?"

Cyril alikaa juu ya gunia.

"Mwezi wa tatu bosi alinipa dola mia sita ninunue friza iliyotumika," alisema. "Muuzaji akaniambia tukwepe ada. Nikatuma. Friza haikuja. Sikumwambia mtu, nilisema iko njiani. Wiki iliyopita bosi akasema nisipoileta kufikia Jumatatu, kazi kalas, imekwisha. Nikatangaza kinanda nisichokuwa nacho, nikajiita Josline, nikatumia maneno yaleyale niliyoandikiwa mimi."

"Ungetuambia mwezi wa tatu," Quinter alisema polepole, "nisingetuma."

"Ungemwambia nani wewe?" Cyril aliuliza.

Cyril alikwenda mwenyewe kituoni, Elkana akiwa kando yake. Friza ilikuwa imenunuliwa asubuhi hiyo. Pesa za kwaya zingerudi kidogo kidogo, au zisirudi. Saa kumi na mbili Sajini Aguer alimtoa Erifazi na kumkabidhi ufunguo wa pikipiki.

Quinter alimsubiri getini. Alimweleza yote, hakuruka kitu: ada, uongo, gundi.

"Malesh, Erifazi," alimaliza. "Nisamehe."

Erifazi alikung'uta vumbi kwenye kiti.

"Huyu Cyril mimi hapana jua, basi yeye aliiba," alisema. "Lakini wewe ulisimama pale, mimi nikafurahi. Nikasema, huyu dada aliona, sasa atasema. Nikangoja."

Alipiga teke pikipiki, ikawaka, akaondoka kuelekea mjini. Quinter alibaki amesimama getini, na Elkana, aliyekuwa amesikia yote, alijifanya anasoma simu yake.