Kikapu cha Dawa cha Hawa

Kifuniko cha sufuria kiligongagonga jikoni, na jogoo bado hajawika. Bibi Mwanahamisi alikuwa akimchemshia mizizi binti yake, Hawa.

Hawa alikuwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaoitwa MS. Ulimlegeza miguu hadi akawa anatambaa. Tangu aanze kuchomwa sindano ya kuutuliza kila wiki, alikuwa amerudi kupalilia kabichi zake. Lakini sasa macho yalikuwa ya njano, na chakula hakipiti.

Asubuhi Nesi Esta alileta sindano kutoka zahanati.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umepanda na utelezi huu!"

Nesi akamtazama Hawa machoni, kisha akairudisha sindano kwenye kisanduku cha barafu.

"Leo sikuchomi. Twende kwa daktari, akupime damu. Njano hii ya macho ni dalili ya ini kuumia; likizidi, sindano itasimamishwa kabisa."

Hawa akajifunika uso kwa kanga. "Nirudi kutambaa?"

"Unakunywa dawa gani nyingine, dada?"

Bibi akaleta kikapu. Kwao mlimani, mtu haji kumtazama mgonjwa mikono mitupu. Jirani yao Idrisa alileta vidonge vya homa kutoka duka jipya la dawa sokoni. Rafiki yake Klara alileta vingine, vya jina tofauti. Shangazi wa kijiji cha Mtae alileta mizizi. Kukataa kungekuwa kumvunjia mgeni heshima, basi Hawa alikunywa vyote.

"Kikapu kizima cha upendo," Nesi alisema taratibu. "Lakini vidonge hivi na hivi ni dawa moja, parasetamoli. Umekuwa ukimeza maradufu. Sindano nayo inaweza kulisumbua ini. Na mizizi hii hatujui ina nini."

"Basi mimi ndiye niliyemuumiza?"

"Hukujua, bibi. Kuanzia leo, dawa yoyote nioneshe kwanza, hata ya majani. Na sindano msiiache wenyewe. Daktari ndiye ataamua."

Damu ilipimwa. Daktari aliondoa vyote vya kikapuni. Baada ya wiki kadhaa macho yakang'aa, ini likapona, na daktari akaruhusu sindano irudi. Siku ya soko, Hawa alishuka Lushoto kwa miguu yake, na kabichi mbili kichwani. Watu walisimama wakampigia vigelegele.

Wageni waliendelea kuja. Bibi aliwapokea mlangoni: "Dawa ibaki nje, maneno yaingie!" Wakacheka, wakaleta kuni na viazi. Ile sufuria sasa ilichemsha chai.

Jioni moja Hawa alimsindikiza Klara hadi njiani, bila fimbo.

"Njoo tena Jumapili, dada. Na uje mikono mitupu."