Mkono Usio na Mwenyewe

Programu yangu ya kukata picha haijawahi kukosea. Niliiunda mwenyewe juu ya maktaba ya bure ya msimbo niliyoipakua mtandaoni: unaipa picha na namba, inatazama rangi ya kona, na kingo zote zenye rangi hiyo inazifyeka; namba ikiwa kubwa, hata rangi inayokaribiana tu inakatwa. Kwisha kazi.

Kaka yangu ni mpiga picha. Studio ni chumba cha mbele nyumbani kwetu. Adhuhuri moja, foleni ya picha za vitambulisho imefika barazani, akaingia mshonaji amekumbatia magauni ya kupigwa picha. Wakagongana, kopo la pini likamwagika. Pini ishirini, wakaziokota nusu saa. Foleni ikaanza kukohoa.

Tangu hapo simu ya kaka haikupoa, yeye na mshonaji. Fundi, umekula? Fundi ni wewe, mpenzi. Na mimi nipo pembeni, eti nafanya kazi.

Mwezi wa nne mama akaitisha picha ya familia, mbele ya pazia jeusi. Mshonaji, aliyekuwa anatambulishwa siku hiyo, alisimama mwisho kabisa, mbali na taa, uso gizani, ndani ya gauni jeusi la mahameli alilolishona wiki mbili. Mkono mmoja begani kwa kaka. Nikaipitisha picha kwenye programu, nikaituma kwenye kundi la familia, ambako naye alikuwa ameunganishwa asubuhi ileile.

Shangazi ndiye aliyeanza, akimuuliza kaka: huo mkono begani kwako ni wa nani?

Mshonaji akampigia kaka simu mara moja tu. "Kama kwenu hawanitaki, ungeniambia. Si kunikata mbele za watu."

Kaka hakuwa hata ameiona picha. Siku tatu akawa anazunguka chumbani, anapiga, haipokelewi, anakaa, anainuka. Siku ya nne akachapisha picha nzima, na pazia lake lote, akampelekea dukani kwake anakoshonea. Mshonaji akaipima kwa futi, hakumtazama usoni.

"Mimi nikikata kitambaa naacha sentimita mbili za mshono. Nyinyi mnakata na mtu?"

"Niambie nikuachie ngapi."

"Niache katikati. Mwisho sisimami tena."

"Katikati husimama bibi harusi."

"Kwani mimi nimesema nini?"

Jioni kaka akaja naye nyumbani, nami nikawaeleza kwa utaratibu: kosa ni la maktaba. Iliona kona nyeusi, ikadhani kila cheusi ni pazia. Walioitengeneza wanapaswa kuona aibu. Shemeji mtarajiwa alikuwa anaanza kukubali.

Mama akaweka pasi pembeni.

"Mwanangu, mimi si nilikuwa hapa napiga pasi? Kwenye namba tano ilikata vizuri, ikabakiza ukanda mwembamba tu. Ukasema nani aukate kwa mkono, ukaweka arobaini, ukaenda mpirani. Hata kuitazama hukuitazama."