Kaburi la Nailoni

Asubuhi hiyo ya mwaka 1956 chai ilikataa kukaa kinywani mwa Tryphosa. Mtoto alipiga funda, yote ikamtiririka kidevuni, na ulimi ukabaki mkavu. Mama yake, Orpah, akamkaripia aache mchezo. Haukuwa mchezo.

Babaye, Onyancha, alifanya kazi mjini Kisii, nyuma ya duka la Vasant, ambako plastiki ilioshwa kwa asidi ili ishike rangi. Yeye ndiye aliyeikagua: alidondosha tone la maji juu ya plastiki, akainama na kupima kwa ubavu pembe ya tone hilo. Kwenye plastiki mbichi tone husimama mviringo. Kwenye iliyooshwa hulala likaenea. Ujuzi huo ulimpa kichwa kikubwa, jamani! Mama yake Onyancha alipozikwa kwao Manga, alilifunika kaburi kwa nailoni ya dukani, mvua isilibomoe. Siku ya kumpa marehemu pombe yake ya mila, Machogu, baba yake mdogo, alimwomba aifunue ili udongo unywe.

"Matope yataichafua, baba," Onyancha alijibu. "Mwaga hapo juu tu."

Pombe ya wimbi ikasimama matone matone, ikateleza hadi majanini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu hili lilikuwa la mtoto.

Kufikia mchana wa siku ile ya chai, midomo ya Tryphosa ilikuwa imepasuka, nyumba ilinuka pombe iliyochacha ingawa hapakuwa na mtungi, na kila tone ambalo Onyancha alilidondosha ulimini mwa mwanawe lilisimama mviringo, likabingirika, likaanguka, naye kwa mazoea akajikuta ameinama kulitazama kwa ubavu kama yuko kazini, mpaka mkono wake ukaanza kupapasa mfukoni kutafuta kichupa cha asidi.

"Utamwosha mwanangu na hiyo?" Orpah alinong'ona. "Baba Tryphosa, weka chini. Tafadhali."

Alishikwa na haya, na hofu zaidi. Akakimbilia kwa Machogu, akabeba mtungi wa pombe mpaka kaburini, mzee akimfuata, akaichana nailoni kwa kucha na kuumwaga wote. Udongo ukanywa, na sauti ya koo linalomeza ikasikika chini.

"Umechelewa," Machogu alisema polepole.

Lakini nyumbani Tryphosa alikuwa ameketi, anakunywa. Orpah, machozi ya furaha yakimtoka, alimjazia kibuyu cha pili, na cha tatu. Mtoto alivimaliza, akapangusa midomo, akamtazama babaye kwa chuki.

"Onyancha mwanangu," alisema, "huko chini kuna kiu. Sirudi."