Ujumbe Kutoka Bondeni

Kila Jumamosi, baada ya kufagia uwanja na kumsaidia shangazi yake kuanika nguo, Kasuku alikimbilia ukumbi wa shule. Huko klabu ya redio iliwafundisha watu wa mtaa, wakubwa kwa wadogo, kuunda visanduku vya kutumiana ujumbe bila simu wala mnara. Jina la Kasuku alipewa na wenzake kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Yeye aliliona kuwa sifa.

Mwalimu wa klabu alikuwa fundi simu mstaafu, mkali kweli kweli, na watoto walimwita Mawimbi asipokuwepo.

"Kisanduku kimoja hakifiki mbali," alisema. "Kinapokea ujumbe, kinampa jirani, jirani anampa jirani yake. Kimoja kikinyamaza, walio nyuma yake wamekatika. Na jambo lingine: antena kwanza, betri baadaye. Ukituma redio ikiwa haina antena, nguvu inakosa pa kutokea, inaichoma redio yenyewe. Itaendelea kusikia, ila haitasema tena. Mmenielewa?"

"Ndiyo, Mwalimu!" Sauti ya Kasuku ilizishinda zote.

Bondeni simu hazikushika. Huko aliishi Sindano, msichana mwembamba aliyesoma darasa moja na Kasuku, pamoja na bibi yake mwenye shinikizo la damu. Zahanati, ambayo nayo ilipewa kisanduku na klabu, ilikuwa juu, upande wa pili wa kilima. Nyumba ya shangazi yake Kasuku ilikaa kileleni, kwa hiyo ujumbe wowote wa bondeni ulilazimika kupitia kwenye kisanduku cha Kasuku. Sindano alijiunga na klabu kwa sababu moja tu: bibi akizidiwa, aweze kumwita muuguzi.

Kisanduku cha Kasuku kilipokamilika, marafiki walikuja kukiona. Antena ilikuwa bado imefungwa kwenye mfuko wake.

"Ngojeni niwaonyeshe," alisema, akachomeka betri. Akatuma salamu baada ya salamu, taa ikimeta, wenzake wakishangilia. Baadaye alipofunga antena, ujumbe wa wengine uliingia vizuri, lakini wake haukumfikia mtu. Alijua palepale alichokifanya. Akafunga mdomo, jambo lisilo kawaida yake.

Siku ya majaribio Sindano alituma ujumbe kutoka bondeni. Uliingia kwa Kasuku, ukaishia hapo. Walipokutana ukumbini, Mawimbi aliuliza, "Kasuku, ulipata chochote kutoka bondeni?"

"Sikupata kitu, Mwalimu. Changu nimekipima mwenyewe, ni kizima. Labda chake ndicho kibovu."

Watoto wakaangua kicheko. "Mikono ya kuchota maji hiyo, si ya redio!" mmoja alipiga kelele.

Mawimbi alikichukua kisanduku cha Sindano, akakifungua mbele ya watu wote. "Kazi gani hii? Risasi ya kuunganishia nyaya imejaa manundu. Nenda kakivunje, ukiunde upya."

"Lakini Mwalimu, mimi niliona kimetuma..."

"Hukuona kitu. Kaa chini."

Sindano alikaa, machozi yakimdondoka kwenye daftari. Kasuku alicheka pamoja na wenzake. Ndiyo, alicheka, tena kwa sauti.

Jumatatu alasiri shangazi alikuwa bado kazini kwenye cherehani yake, na Kasuku alikuwa akiosha vyombo. Kisanduku kikalia. Alifuta mikono, akasoma: "Bibi ameanguka. Hasemi. Mwiteni muuguzi."

Zahanati haikuwa mbali. Lakini akienda, watauliza amejuaje. Wakijua kisanduku chake kinapokea ujumbe wa bondeni, watajua alidanganya. Alijiambia kwamba huenda wengine wameupata, na alijua fika kwamba hakuna mwingine. Akarudi kwenye vyombo. Akaosha sahani, akaosha sufuria, akaisugua sufuria ile ambayo siku zote huiacha na masizi.

Kisanduku kikalia tena. "Kuna mtu yeyote anayenisikia? Tafadhali."

Hapo ndipo alipokimbia, mikono yake ikiwa bado na povu.

Muuguzi alichukua mkoba wake bila kuuliza mengi. Bibi hakufa. Lakini mkono wake wa kulia ulilegea, na maneno yakawa hayatoki, ila sauti tu. Ndugu na majirani walipomuuliza muuguzi, hakuwapambia maneno. "Ningeitwa alipoanguka, huenda angekuwa anaongea. Huenda. Sasa hatutajua."

Mawimbi alikipima kisanduku cha Kasuku ukumbini, watu wote wakitazama. "Sehemu ya kutuma ujumbe imeungua. Iliwashwa bila antena."

Kasuku alisimama, akasema yote, mpaka habari ya sufuria. Hakuna aliyemzomea. Angependa wamzomee.

Mawimbi alikigeukia kisanduku cha Sindano, ambacho hakuwa amekivunja na jirani yake alikuwa amekileta, akakipima, kisha akavua miwani. "Hiki kilikuwa kizima tangu mwanzo. Nilimwamini mwenye sauti kubwa, sikupima. Hilo kosa ni langu, na nitakwenda kumwambia Sindano mwenyewe." Akafunga redio mpya kwenye kisanduku cha Kasuku, antena kwanza. Visanduku vikarudishwa nyumbani, na jioni ile ujumbe wa bondeni ulifika zahanati bila shida.

Siku iliyofuata shangazi alimpeleka Kasuku bondeni. Sindano alifungua mlango, kijiko mkononi. Nyuma yake bibi alikuwa ameegemezwa ukutani, kitambaa kifuani.

"Nimekuja kuomba msamaha," Kasuku alisema.

"Uliusoma ujumbe?"

"Niliusoma."

"Ule wa kwanza, ulipoingia?"

Kasuku alitamani kusema hapana. "Ulipoingia."

Sindano alimtazama, halafu akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza. Kasuku akalia kwa uchungu.

"Futa machozi unisikilize," shangazi alisema. "Kuunguza redio ni kosa la kila anayejifunza. Ungesema siku ileile, ungegombezwa, yakaisha. Ukaficha aibu ya siku moja, na anayeilipa ni bibi wa mwenzako, maisha yake yote. Ndiyo maana tunawaambia mseme kweli mapema, ingali ndogo."

"Atanisamehe, shangazi?"

"Sijui. Na usiuombe msamaha ili wewe ujisikie vizuri. Sasa hivi anamlisha bibi yake, hana nafasi ya kwenda kisimani. Chukua ile ndoo yao pale mlangoni ukawatekee maji. Na kesho utakuja tena."

"Asipofungua mlango je?"

"Utaiacha nje," shangazi alisema, akaanza kupanda kilima peke yake.